Dole la Mwalimu Sekela

Uligeuza uso. Usianze kutafuta maneno, ulikuwepo. Siku polisi walipomtoa Ambakisye Mwaisumo kwenye kibanda cha pampu pale Nsengwa, mikono nyuma, viatu vya mvua vimejaa tope hadi magotini, picha yake ilipita kwenye kila skrini ya nchi hii. Wewe uliyekaa naye dawati moja ulitazama sekunde mbili, ukasema "masikini wa Mungu," ukarudi kwenye chai yako. Wapo waliofanya zaidi ya hapo. Wapo walioandika kwamba wamesoma naye na kwamba tangu chuoni alikuwa mzembe. Uongo mtupu. Ambakisye alikuwa mtu wa kuuliza maswali hadi kengele ya chakula inalia na darasa zima linamzomea akae chini.

Watu arobaini na mmoja wa Nsengwa walikuwa wamekunywa zebaki. Zebaki inatoka machimboni huko juu, inashuka na mto, na kinachoizuia isiingie kwenye mabomba ya kijiji ni chujio moja la mkaa, kubwa kama pipa la mafuta. Chujio likishiba linaachia. Basi likaachia. Watoto wakaanza kutetemeka mikono. Fundi cherehani wa sokoni akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akadhani ni macho. Mama mmoja mjamzito akapoteza mimba, akadhani amerogwa. Walipokuja kupima maji, ikabaki swali moja tu: chujio lilikuwa linabadilishwa kila baada ya siku ngapi? Kumbukumbu za pampu zikasema themanini na nane. Somo la chuo lililomfundisha Ambakisye, fundi wa pampu hiyo, likasema thelathini. Kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Mwalimu aliyefundisha somo hilo anaitwa Sekela Ndimbwa. Siku picha ilipopita, yeye naye alikuwa anakunywa chai. Tofauti yake na wewe ni kwamba chai ilimpalia.

*

Alifika chumba cha darasa namba nne kabla ya wanafunzi. Ukuta, ile skrini ya kufundishia, ulisikia hatua zake ukaamka, mweupe kuanzia sakafuni mpaka darini, ukamsalimia kwa jina kama unavyomsalimia kila mtu ambaye dole gumba lake limesajiliwa.

"Nipe Matunzo ya Machujio, mwaka wa pili," alisema. "Ya miaka minne iliyopita. Machi."

Kwa msiosoma Ilundo: katika Chuo cha Ufundi wa Maji hakuna mwalimu anayemiliki faili. Zamani walikuwa nazo, kila mtu na flashi yake inaning'inia shingoni kama hirizi, na kila wiki mmoja alikuwa analia kwamba virusi vimekula mtihani. Lilipokuja Ghala, hifadhi moja ya kompyuta kwa masomo yote, watu wakaja wakakusanya flashi zote kwa magunia. Nani alizililia? Hakuna. Mwalimu Luvanda wa hesabu za mabomba alicheza ngoma pale uani. Tangu siku hiyo somo la kila mwalimu linakaa Ghalani, Ukuta unalileta likihitajika, na Ghala linalilinganisha na toleo lililoidhinishwa ili mwalimu asifundishe mambo yaliyopitwa na wakati. Mwaka uliofuata wakapiga marufuku madaftari. Maneno yenyewe yako getini mpaka leo kwa rangi ya bluu: MWANAFUNZI AKINAKILI HUKOSEA, UKUTA HAUKOSEI. Ulikuwa unapita chini yake kila asubuhi, ukiona raha kwamba begi ni jepesi.

Somo likafunguka. Mchoro wa chujio, mishale ya maji, na chini yake, kwa mwandiko wa Sekela mwenyewe, ile herufi t yenye mkia mrefu aliyoizoea tangu shule ya msingi: *Chujio libadilishwe kila siku thelathini.*

Akasoma mara mbili. 

"Sauti," alisema.

Ukuta ukamletea sauti yake. Sauti ya miaka minne iliyopita, na mafua yake ya masika yamo ndani. "Andikeni kichwani, maana daftari hamna," ilisema ile sauti, na utani wake uleule. "Chujio hili, kila siku thelathini. Msingoje mpaka maji yabadilike ladha."

Hakusema hivyo. Sekela alijua hakusema hivyo kama anavyojua jina la mama yake. Jumanne ile ya Machi alifungua somo lake, akakuta pale alipokuwa ameandika thelathini pameandikwa tisini. Alishtuka. Wanafunzi thelathini na wanane walikuwa wanamtazama. Akajiambia labda wataalamu wamegundua mkaa bora, labda kuna waraka haujamfikia, na kinywa chake kikasoma kilichokuwa ukutani: tisini. Ndipo Ambakisye aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Kitabu cha zamani kule maktaba kinasema thelathini. Mbona Ukuta unasema tisini?"

Angeweza kujibu "sijui." Neno fupi. Badala yake aliweka mkono kiunoni akasema, "Ambakisye baba, kati yako na Ukuta, nani amesoma zaidi?"

Darasa likaangua kicheko. Ambakisye akakaa chini, naye akicheka kwa aibu. Na wewe ulicheka.

Sasa Sekela alisimama akisikiliza somo lake likisonga mbele. Swali la Ambakisye halikuwepo. Jibu lake halikuwepo. Ghala lilikuwa limesawazisha sauti ifanane na maandishi, likakata kila kisichofanana. Lakini mara tu baada ya "msingoje mpaka maji yabadilike ladha," bila sababu, bila mtu kusema neno la kuchekesha, darasa zima likalipuka kwa kicheko. Kikadumu, kikapungua, mtu akakohoa, kisha sauti yake ikaendelea na bomba la kutolea uchafu.

Aliirudisha mara tatu. Mara tatu walicheka hewa.

Pembeni ya somo kulikuwa na alama ya kidole. Dole gumba lake, mistari yake, na kovu dogo la asidi. *Imethibitishwa na mwalimu.*

*

Hapo ndipo inabidi nikueleze jambo ambalo kila mwalimu wa Ilundo analijua na hakuna anayelisema.

Kipindi kikiisha, Ukuta unauliza: *Somo hili ndilo ulilofundisha?* Mwalimu anabonyeza Ndiyo kwa dole gumba. Asipobonyeza, Ukuta haumfungulii mwalimu anayefuata. Na kati ya kipindi na kipindi ni dakika mbili. Kwa hiyo anayefuata anasimama mlangoni, anagonga fremu, anapiga kelele: "Dole, mama! Dole, tuingie!" Unabonyeza ukitembea. Anayesimama kusoma kwanza anaitwa mkaguzi, na kuitwa mkaguzi katika chumba cha walimu wa Ilundo ni tusi la kukufanya ule peke yako.

Kisha kuna mwisho wa muhula. Ghala linapanga upya mafaili yake na kuyarudisha yote kwa walimu yathibitishwe mara ya pili. Wanakaa pamoja chumba cha walimu, chai ya maziwa na sinia la maandazi katikati, kila mtu na kibao chake, na dole linapita juu ya Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Wanaita kupiga gitaa. Wanashindana. Muhula uliopita, Sekela alipiga masomo mia mbili na kumi na mawili, akamshinda hata Luvanda, akashangiliwa. Alikula maandazi mawili katika muda huo. Mojawapo ya masomo hayo lilikuwa hili, limeshabadilishwa, linamngojea.

"Dole, dada! Dole!" Luvanda alikuwa mlangoni, tumbo mbele, anagonga fremu. "Kipindi changu hiki, au umehamia?"

"Luvanda, njoo usikilize."

"Nisikilize nini? Nina vijana arobaini nyuma yangu wananuka jasho la uwanjani."

"Njoo."

Akaja. Akasikiliza. Kile kicheko kilipolipuka, naye akatabasamu kidogo, kwa mazoea, kisha tabasamu likakauka usoni.

"Wanacheka nini?" aliuliza.

"Wanamcheka Ambakisye. Nilisema tisini, Luvanda. Akanisahihisha, nikamdhalilisha."

Luvanda alifunga mlango, wanafunzi wakabaki nje. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Basi umesahau. Umesikia? Umri huu wetu, watu wanasahau."

"Sijasahau."

"Sahau sasa. Faili linasema thelathini, sauti inasema thelathini. Wewe ni safi kama shati la kipaimara. Unataka kwenda kumwambia nani kwamba dole lako limesema uongo? Ukisema dole lako, umesema la kwangu. Umesema la kila mtu aliyeshika andazi mle ndani." Alimshika kiwiko. "Mwanangu Tulinagwe yuko zahanati ya Mbwila, anapima maji ya kuzalishia kwa cheti cha hapa hapa. Watoto mia mbili wamezaliwa kwa maji hayo. Tuwarudishe tumboni?"

Mlangoni mtu aligonga, sauti ya kijana ikaita kwa kuiga, "Dole, mwalimu! Dole!" na wenzake wakacheka.

Akabonyeza. Ndiyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

*

Msimamizi wa Ghala, Bwana Kastori Ngailo, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Sekela zaidi. Alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akauliza habari za nyumbani na akangoja jibu.

"Mwalimu, sitakuficha," alisema walipokwisha salimiana. "Tisini ilikuwepo."

Sekela alikuwa amekuja na hotuba nzima. Ikamwishia mdomoni.

"Mwaka ule machujio yalikuwa adimu. Kamati ya vipimo ikaongeza siku, kwa muda tu, mpaka mengine yafike. Ghala likapokea, likaweka kwenye masomo yote. Mengine yalipofika, kamati ikarudisha thelathini. Ghala likapokea tena, likaweka."

"Likaweka mpaka kwenye Machi ya miaka minne iliyopita?"

"Ghala halina jana, mwalimu. Lina toleo sahihi. Ukiweka matoleo mawili, mwanafunzi atachukua lipi? Ndiyo maana tulilijenga hivyo. Nyinyi wenyewe mlilalamika kuhusu matoleo."

Ni kweli walilalamika. Sekela aliandika barua ya malalamiko hayo kwa mkono wake.

"Basi waambie mahakama hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Ngailo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. "Sheria ya vyeti inasema nini? Cheti kinasimama juu ya somo, na somo linasimama juu ya dole la mwalimu. Siku mahakama ikiandika kwamba madole ya Ilundo yanabonyezwa bila kusoma, hakuna cheti kimoja cha miaka tisa hii kitakachosimama. Elfu kumi na moja, mwalimu. Mafundi wa pampu, wapima maji wa hospitali, watu wa mabwawa. Kesho yake asubuhi wote wanaambiwa wakae nyumbani. Nani atafungua maji? Nsengwa ni kijiji kimoja. Wewe unataka ziwe Nsengwa ngapi?"

Nje ya dirisha mashine za kupooza Ghala zilikuwa zinanguruma. Sekela aliangalia mikono yake.

"Na Ambakisye?"

"Miaka saba, wakili wangu anakisia. Akiwa na tabia njema, minne." Alisema kwa huzuni ya kweli kabisa. "Wewe uko salama. Faili limekusafisha. Watu wanaomba bahati kama hiyo."

"Mimi sikuomba."

"Ndiyo. Lakini ulibonyeza."

*

Kule mahabusu walimleta Ambakisye akiwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Alikuwa amekonda. Alipomwona Sekela aliinama kidogo, kama darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Wanakulisha?"

"Wanatulisha." Akakaa upande wa pili wa meza. Alikuwa na tabia mpya ya kusugua meza kwa kiganja, kama anafuta vumbi. "Mwalimu, nashukuru umekuja. Nilitaka nikuombe radhi."

"Radhi ya nini?"

"Wakili alinichezea lile somo. Nimekusikia kwa masikio yangu ukisema thelathini. Sasa mimi hii tisini niliitoa wapi?" Alijaribu kucheka. "Nakaa usiku na mchana natafuta. Nimefikiri labda niliota. Labda nina ugonjwa wa kichwa, kwetu wapo. Nilikuwa nabadilisha siku ya themanini na nane, mwalimu. Namwambia mama, naipa Nsengwa siku mbili za zawadi. Nilikuwa najisifu."

Askari aliyekuwa mlangoni aliangalia saa yake.

Sekela alikuwa na maneno ya Ngailo kichwani, elfu kumi na moja, na maneno ya Luvanda, na lake mwenyewe lililokuwa baya kuliko yote: ningenyamaza tu. Huyu kijana hakuwa anamshtaki. Alikuwa ameshakubali. Angeweza kumpa pole, akamwachia sabuni na mkate, akaondoka, na Ambakisye angekwenda kufungwa miaka saba akiamini Ukuta na kuikana akili yake mwenyewe. Hakuna ambaye angelaumiwa. Kila kitu kingekuwa kimenyooka.

"Hukuota," alisema. "Nilisema tisini. Ukaniuliza kuhusu kitabu cha maktaba. Nikakujibu kwa dharau."

Kiganja cha Ambakisye kilisimama katikati ya meza.

"'Nani amesoma zaidi,'" alisema Ambakisye polepole.

"Ndiyo."

"Ulisema 'Ambakisye baba.'"

"Nilisema."

Akafunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika na Sekela hakujua ni kilio au kicheko, mpaka alipotoa mikono akaona ni vyote. "Basi mimi si mwehu," alisema. "Ee Mungu. Mimi si mwehu." Kisha: "Lakini wale watu wameumia kweli, mwalimu. Thelathini au tisini, mkono wangu ndio ulioacha lile chujio. Kile kitabu nilikiona. Nilijua palikuwa na neno."

"Ulijua, ukauliza. Mimi nilijua, nikakunyamazisha."

"Na wenzangu? Tulikuwa wengi darasani. Wanasemaje?"

Hapo ndipo Sekela alipokosa pa kuangalia. Alikuwa amewapigia simu wiki nzima. Mmoja alisema yuko kwenye kikao, Sekela akasikia jogoo anawika. Mwingine alisema hakumbuki, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama cheti chake kitaguswa. Mwingine alimwambia wazi, mwalimu, mimi nina watoto. Wengi hawakupokea.

"Bado nawatafuta," alisema.

*

Mahakama ya Ilundo, chumba namba mbili, ilijaa mpaka dirishani. Watu wa Nsengwa walikaa upande mmoja, kimya, na walikuwa na haki ya kumchukia kila mtu mle ndani. Upande wa pili, benchi la nyuma, walikaa watano wa darasa lile. Sekela aliwatambua mara moja. Nakutambua na wewe.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana nadhifu, naye alisoma katika chuo chenye Kuta. Aliinua kibao.

"Mwalimu Ndimbwa. Dole hili ni la nani?"

"Langu."

"Linathibitisha nini?"

"Kwamba nilifundisha siku thelathini."

"Ulifundisha siku thelathini?"

"Sikufundisha. Nilifundisha tisini."

Chumba kikavuma. Hakimu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, akagonga meza.

"Sasa hebu tusaidie," alisema mwendesha mashtaka. "Ulipobonyeza hapa, ulikuwa unajua unathibitisha nini?"

"Nilikuwa natafuna andazi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tunabonyeza bila kusoma, mheshimiwa. Wote. Miaka tisa. Tunaita kupiga gitaa. Mimi ndiye bingwa."

"Kwa hiyo wewe ni mtu wa kutia dole kwenye uongo."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Maelfu."

"Na leo unataka mahakama ikuamini wewe, iache faili, mwandiko na sauti?"

"Msiniamini," alisema Sekela. "Ningekuwa mimi nisingeniamini. Fungueni somo, sauti na yote, mlisikilize mpaka kwenye ladha ya maji."

Wakalifungua. Sauti yake ya mafua ikajaza chumba. Thelathini. Msingoje mpaka maji yabadilike ladha. Na kile kicheko kikalipuka, thelathini na kitu, vijana wenye afya, wasichana na wavulana, kikapanda juu ya watu wa Nsengwa waliokaa pale na mikono yao inayotetemeka mapajani. Mama mmoja akaweka kiganja sikioni.

"Wanacheka nini?" Sekela aliuliza. "Mheshimiwa, mwulize huyu bwana. Ni neno gani hapo la kuchekesha?"

"Wanafunzi hucheka ovyo," alisema mwendesha mashtaka, lakini alisema haraka.

Hakimu akaagiza kirudiwe. Kikarudiwa. Akatoa kalamu mdomoni, akamtazama Sekela, na macho yake hayakuwa na ubaya.

"Mwalimu, umekiri kuwa mwongo wa kazi. Kwa neno lako peke yake siwezi kutoa hukumu dhidi ya Ghala. Na kicheko hakiwezi kuapa. Unasema walikuwa wangapi?"

"Thelathini na wanane, mheshimiwa. Ukimtoa mshtakiwa, thelathini na saba."

"Niletee mmoja. Aliyekuwepo, aliyesikia, aje aseme alicheka nini. Akija, nitaliita Ghala lenyewe kizimbani. Asipokuja, nitasoma hukumu kwa kilichopo. Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Sekela aligeuka akatazama benchi la nyuma. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mmoja alikuwa anasoma simu iliyozimwa. Wawili walikuwa wameshasimama kuelekea mlangoni. Wa tano alimtazama machoni, akafungua mdomo, na Sekela akaona kabisa neno likifika kwenye meno, kisha akalimeza na kuinamisha kichwa.

Kabla hajafika geti la chuo dole lake lilikuwa limefungiwa. Alipojaribu mlango wa chuo kuchukua koti lake, ulimwambia haumjui. Jioni ile tangazo likatoka kwamba vyeti vyote vya Ilundo vinachunguzwa, na simu ambazo hazikupokelewa wiki nzima zikaanza kumpigia zenyewe, kumtukana. Luvanda alipita mbele ya nyumba yake na mkewe. Mkewe alisalimia. Yeye aliangalia mti wa jirani.

Ambakisye alirudishwa mahabusu kwenye karandinga. Mama yake, Bi Tumwike, alikimbia pembeni mwa gari akigonga bati, akisema neno moja, "Alhamisi, mwanangu, Alhamisi," mpaka pumzi ikamwisha.

*

Kwa hiyo Alhamisi.

Najua unachohesabu sasa hivi. Cheti chako, kazi yako, watoto wako, ya nini kujitia matatani. Hesabu. Halafu ongeza yule mtu aliyekuwa anakuonyesha mahesabu ya shinikizo la maji chini ya ngazi za bweni wakati wewe unalia, maana huyo pia ni Ambakisye, na hilo pia halimo Ghalani. Cheti kikianguka, chako na changu mimi niliyesoma darasa jingine, tutakidai tena pamoja, kwa mtihani wa haki, mbele ya watu, na karatasi mkononi. Yeye miaka yake saba hataidai popote.

Usiniambie hukumbuki. Unakumbuka ulikaa wapi. Unakumbuka nani alikuwa ameazima sweta yako. Kaa chini sasa hivi, tafuta karatasi, hata ya kufungia vitumbua, uandike kwa mkono wako siku ile mwalimu alisema nini na wewe ulifanya nini. Weka jina lako kamili. Kisha panda basi. Mahakama ya Ilundo, chumba namba mbili, Alhamisi saa tatu kamili asubuhi. Kutoka Mbwila basi la mwisho linaondoka leo saa kumi. Vaa viatu, toka.